Wafunzeni watoto wa JSS afya ya maisha, si ya mtihani tu

Mwambie mtoto yeyote wa Gredi ya 8 hapa mtaani akuchoree figo. Atachora, atapaka rangi na kuandika majina ya sehemu zake bila kufungua kitabu. Sasa mwulize afanye nini kama hajapata usingizi siku tatu kwa sababu ya mawazo. Mwulize mbona dada yake huhisi kizunguzungu akiwa kwenye hedhi. Atakuangalia tu, halafu acheke.

Si kwamba ni mjinga. Hivyo ndivyo tunavyomfunza.

Kundi la kwanza la Sekondari Msingi lilipoingia Gredi ya 7 Januari 2023, Elimu ya Afya ilikuwa somo la kujitegemea. Mwaka uo huo, jopo lililoongozwa na Prof Raphael Munavu likapendekeza masomo yapunguzwe hadi tisa. Afya ikamezwa na Sayansi Jumuishi, Stadi za Maisha zikaingizwa kwenye Masomo ya Jamii, na mambo ya lishe yakaungana na Kilimo.

Sina ubishi na kupunguza masomo. Watoto walikuwa wanabeba mabegi utadhani wanahama nyumba. Lakini tunajua vile mambo huenda: kitu kikishatiwa ndani ya kingine, kinakuwa mada ya wiki mbili, kisha swali la mtihani, kisha basi. Hedhi inageuka mchoro wa siku 28. Msongo wa mawazo unageuka orodha ya dalili tano za kukariri.

Na tusimlaumu mwalimu. Wengi wao ni wa rika letu, wanagenzi walioletwa kwa mkataba wa takriban Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hadi wakagoma 2024 wakidai ajira ya kudumu. Mtu anafunza masomo ambayo hakusomea chuoni, halafu unataka abaki jioni amsikilize mtoto mmoja mmoja? Hiyo ni ndoto.

Pengo likibaki, linajazwa. TikTok iko, na makundi ya WhatsApp yako. Kuna yule jamaa wa kona anayewauzia watoto sigara za kielektroniki na kuwaambia ati hizo ni mvuke tu, hazina madhara, ilhali nyingi zina nikotini, ile ile inayomfunga mvutaji wa sigara ya kawaida. Hao wote wanafundisha afya kila siku, bila silabasi wala likizo.

Mimi ni wa 8-4-4. Nikiwa darasa la saba, walikuja akina mama fulani kufunza kuhusu kubalehe. Wasichana waliitwa darasani, mlango ukafungwa. Sisi wavulana tukapewa mpira twende uwanjani. Wiki chache baadaye msichana mmoja alichafua sketi, na darasa zima la wavulana likaangua kicheko. Hakuna aliyekuwa ametuambia chochote. Msichana huyo alikosa shule siku kadhaa. Ndiyo maana naona sheria ya 2017, inayoitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo za bure, ni nzuri lakini inafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfunza mvulana anayekaa nyuma yake.

Najua wazazi wengine watasema tukianza mambo haya tutawaharibu watoto. Nawaelewa, manake wakisikia neno afya wanafikiria ngono moja kwa moja. Lakini utafiti wa kitaifa wa KDHS wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kunyamaza tumejaribu miaka nenda miaka rudi, na matokeo ni hayo.

Isitoshe, sehemu kubwa ya afya ni mambo ya kawaida kabisa. Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa nane hadi kumi, si tano na simu chini ya blanketi. Msichana aliyeanza hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na chai ya majani tunayokunywa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini hayo. Akisubiri kama saa moja baada ya kula ndengu au sukuma yake, tayari amejisaidia bila kutumia hata shilingi. Chukua pia chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Inakinga dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Lakini ukipanda matatu utasikia ati ni ya kufunga kizazi. Nani atamjibu huyo abiria kama mtoto mwenyewe hajafunzwa?

Sidai somo jipya. Nadai kipindi kimoja kwa wiki kisichotahiniwa, wavulana na wasichana wakiwa pamoja. Kuwe na sanduku mlangoni, mtoto aandike swali bila jina, mwalimu alisome na kulijibu mbele ya wote. Asilolijua, amwite muuguzi wa zahanati iliyo karibu. Na kama tunafunza lishe saa nne, tusiwauzie soda na smokie langoni saa nne na nusu.

Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure. Iandikwe kwenye ukuta wa kila darasa kwa herufi kubwa, ili mtoto anayeumizwa nyumbani asilazimike kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kuitafuta.

Na sisi tulio na miaka ishirini na kitu tusijifanye wageni. Wadogo zetu hutuuliza sisi kabla ya kumwuliza mzazi. Akikuuliza jambo la aibu, usimcheke, na usimtume kwa Google. Mpe jibu unalolijua, na usilolijua mwende zahanati pamoja mkaulize.