Baiskeli za Umeme: Sheria Imlinde Nani?

Baiskeli ya umeme si habari ya ughaibuni tena. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliziwekea baiskeli hizo kiwango cha asilimia sifuri cha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Kwa hiyo yafaa tujiulize mapema: chombo hiki kina faida gani, na sheria zake zimlinde nani?

Faida zake ni za kweli. Mpandaji hunyonga kama kawaida, na mota ndogo humwongezea nguvu. Betri ya baiskeli nyingi za aina hii hubeba takriban nusu uniti ya umeme, na kwa kiasi hicho mtu huweza kwenda kilometa 40 au zaidi, kutegemea vilima na uzito wa mzigo. Anayenunua umeme kwa LUKU na anayenunua petroli kituoni wanaweza kupiga hesabu wenyewe. Mzee aliyechoka magoti hupanda kilima tena. Mama muuza mboga hufika sokoni akiwa bado na nguvu za kuuza. Wala chombo hakitoi moshi njiani. Waraka Laudato Si' wa mwaka 2015 ulituhimiza kuitunza dunia, nyumba yetu sote, na njia hii ya usafiri ni mojawapo ya hatua zinazowezekana.

Hata hivyo, faida hizo hudumu pale tu chombo kinapobaki baiskeli. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250, ikiwa husaidia tu mpandaji anaponyonga, na ikiwa huacha kusaidia mwendo unapofika kilometa 25 kwa saa. Kikizidi hapo, chombo huingia katika kundi la vyombo vya moto, pamoja na wajibu wake. Mpaka huo una sababu. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya mgongano huongezeka mara nne. Anayeumia zaidi mara nyingi ni mtoto atokaye shule au bibi avukaye barabara, ambao hawakuisikia baiskeli ikija kwa kuwa mota yake haina mngurumo.

Jiji la New York, nchini Marekani, linatupatia funzo la pekee. Huko maelfu ya wahamiaji hujipatia riziki kwa kupeleka vyakula majumbani kwa baiskeli za umeme. Hadi mwaka 2020 nyingi za baiskeli hizo hazikuruhusiwa barabarani, na aliyekamatwa aliweza kutozwa faini ya dola 500. Aliyeagiza chakula hakuguswa. Mzigo mkubwa ulimwangukia mpandaji. Baada ya ruhusa kutolewa, likazuka janga jingine. Betri za lithiamu za bei nafuu, zisizothibitishwa ubora, zikaanza kuwaka moto majumbani. Mwaka 2023 moto wa betri za namna hiyo uliua watu 18 jijini humo. Mwaka huohuo jiji likapiga marufuku kuuza au kukodisha baiskeli na betri zisizothibitishwa kuwa salama. Mwaka 2024 vifo vikashuka hadi 6.

Hatuwezi kudai kwamba sheria hiyo peke yake ndiyo iliyoleta nafuu. Lakini tunaona tofauti iliyo wazi kati ya sheria mbili: ya kwanza ilimwadhibu aliye dhaifu kwa kutafuta mkate wake; ya pili ilimdai muuzaji, mwenye uwezo wa kuiondoa hatari kabla haijaingia nyumbani. Haki humdai zaidi mwenye uwezo zaidi.

Basi, viongozi wetu wanapoandaa kanuni, tunawaomba waanze bandarini na madukani, wakizuia betri duni, kabla ya kumfuata kijana barabarani. Wenye biashara za kupeleka mizigo nao wasiweke muda usiotimizika ila kwa kuvunja sheria. Haraka inayouzwa kwa mteja hulipwa na mwili wa mpandaji.

Mpandaji naye ana wajibu wake. Avae kofia ngumu, awashe taa usiku, asimame penye kivuko cha waenda kwa miguu, asipite juu ya njia yao, wala asimpe fundi kazi ya kuondoa kizuizi cha mwendo. Nyumbani, atumie chaja iliyokuja na betri, asiache betri ikichajiwa watu wamelala, wala asiichaji mlangoni au kwenye ujia, kwa maana moto ukizuka hapo hufunga njia ya kutokea. Betri iliyovimba au iliyoanguka kwa kishindo isichajiwe tena.

Tunakipokea chombo hiki kwa shukrani. Lakini maendeleo yake hatutayapima kwa wingi wa baiskeli barabarani. Tutayapima kwa usalama wa anayetembea kwa miguu, na kwa kijana aliyetoka asubuhi kutafuta riziki akarudi jioni kwao akiwa mzima.