Diplome ya Kusoma Marekani

Wazee wengi kwetu wanacheka wakisikia mtoto wa mtu anasoma iniversite utamaduni na maisha ya Wamarekani. «Ile diplome itamupatia kazi gani?» Kicheko cha bure. Harvard ilianza miaka ya 1930 masomo ya udaktari yanayounganisha historia na fasihi ya nchi yao, na tangu hapo wameingiza nyimbo za watumwa, mahubiri, nguo, hata chakula. Vitu vya nyumbani tu, sawa vile tunavyokusanya humu.

Kosa njo hili: mtoto anarudi na Mississippi yote kichwani, lakini hajui kwamba mwaka wa 1940 zaidi ya tani 1.200 za mawe ya urani ya Shinkolobwe zilipelekwa kuwekwa Staten Island, New York, na kwamba bomu la Hiroshima, 1945, lilitengenezwa kwa sehemu kubwa na urani ya Katanga. Hajui kwa nini New Orleans iko na uwanja unaoitwa Congo Square, ambapo watumwa walicheza ngoma siku ya Mungu. Ile nayo si Marekani? Profesa wa huko asipomwambia, sishangai. Lakini sisi, mbele apande ndege, tulimwambia nini?