Wezi wameondoka, hofu imebaki

Nyumba ikivunjwa usiku Mabogini, asubuhi majirani hujaa uani. Vinahesabiwa vilivyoibwa: televisheni, simu, magunia ya mpunga. Polisi wanapewa taarifa, mlango unatengenezwa. Wiki moja baadaye mtoto wa miaka minane, aliyeacha kukojoa kitandani zamani, anaanza tena. Mzazi anatafuta fimbo.

Mzazi, iache hiyo fimbo. Mtoto hafanyi ukaidi.

Mtu akitishwa, mwili hujiandaa kukimbia au kupambana. Moyo hudunda, misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili huchelewa kuamini kwamba imepita. Ndiyo maana mbwa akibweka tu baba anaruka kitandani, na mama anakagua komeo mara nne. Kijana anakuwa mkali, au ananyamaza na masomo yanamshinda. Mdogo anang'ang'ania kanga ya mama, analalamika tumbo, anacheza "wezi" kila siku. Wengine hujilaumu: "Ningefunga geti vizuri."

Si wizi pekee unaoleta hali hii. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada katika uwanja wa Majengo, Moshi. Tukio kama hilo linaweza kumtesa hata aliyetoka bila mchubuko.

Kwa wengi, hofu hupungua ndani ya wiki chache. Nyumbani unaweza kusaidia hivi:

• Rudisha ratiba ya chakula, shule na kulala. Akitaka kulala karibu nawe siku chache, mruhusu.

• Akisimulia, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe. Usimwambie "mwanaume halii".

• Usimwahidi kwamba wezi hawatarudi kamwe. Mwonyeshe komeo jipya na jirani wa kumwita.

• Nawe mzazi, usitafute usingizi kwenye mbege. Hofu utaikuta asubuhi palepale.

Mwezi ukipita na bado halali, hali vizuri au anakataa shule, mpeleke kituo cha afya. Wanaweza kukupa rufaa kwenda Mawenzi au KCMC. Akizungumzia kufa au kujiumiza, mpeleke siku hiyohiyo. Kama alifanyiwa ukatili, nenda hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi bila kuchelewa, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Televisheni itanunuliwa nyingine. Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya hofu atajifunza kuificha, na hofu iliyofichwa ni ngumu kuitibu.