Picha Inapoganda Darasani: Si Kazi ya Fundi Peke Yake

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari. Somo lilikuwa Biolojia, Kidato cha Pili, na mada ilikuwa mzunguko wa damu. Kijana alikuwa ameandaa filamu fupi ya moyo unavyofanya kazi, akaileta katika flashi na kuifungua kwenye kompyuta ya shule. Dakika ya tatu picha ikaganda. Sauti iliendelea kueleza jinsi vali zinavyofunguka na kufungwa, ilhali moyo wenyewe umesimama. Wanafunzi wakacheka. Kijana akafunga programu na kuifungua tena. Akazima kompyuta na kuiwasha tena. Hatimaye kengele ikalia. Niliandika katika fomu yangu: "Maandalizi hafifu," nikampa alama za chini.

Alama zile hunisumbua mpaka leo. Baadaye nilipomhoji, alinieleza kwamba aliijaribu filamu ile chuoni, kwenye kompyuta mpya, nayo ikaonekana vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amejiandaa. Asichokuwa nacho ni maarifa ambayo sisi wakufunzi hatukumpa.

Yafaa tuelewe kwanza jambo lenyewe. Picha moja ya filamu yenye vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina vitone zaidi ya milioni mbili, na picha 25 au zaidi hupita kila sekunde. Kama kila kitone kingehifadhiwa kwa baiti 3, sekunde moja tu ingejaza megabaiti zaidi ya 150. Kwa sababu hiyo filamu hubanwa: picha chache huhifadhiwa kamili, na zinazofuata hueleza tu kilichobadilika. Wakati wa kuonyesha, kompyuta haina budi kuifumua kazi hiyo papo kwa papo. Kanuni ya kubana iitwayo H.264 ilitolewa mwaka 2003. Ile ya H.265, iliyotolewa mwaka 2013, hubana zaidi, lakini kuifumua ni kazi nzito zaidi. Kompyuta nyingi za zamani hazina sehemu maalumu ya kuifumua H.265, hivyo mzigo wote huiangukia prosesa. Prosesa ikizidiwa, picha husimama. Sauti huendelea kwa kuwa kazi yake ni ndogo. Hayo ndiyo yaliyompata kijana wetu.

Lakini si kila kuganda kuna chanzo hicho, na hapa ndipo mwalimu anapotakiwa kutazama kabla ya kubonyeza. Ikiwa picha na sauti hukwama pamoja, mahali palepale kila mara, hata kwenye kompyuta nyingine, yaelekea faili lenyewe limeharibika, pengine kwa sababu flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kwisha. Dawa yake ni kunakili upya kutoka faili la asili. Ikiwa filamu hukwama ikiwa katika flashi, lakini huenda vizuri ikinakiliwa kwenye diski ya kompyuta, basi kasoro ni ya flashi au mlango wake. Ikiwa huanza vizuri na kuzorota baada ya muda, kila mara mahali tofauti, tushuku joto la mashine au programu nyingine zilizoachwa wazi.

Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Walimu tunaijua kanuni hii. Mtoto akiandika kwamba 47 kutoa 29 ni 22, mwalimu mzuri hamwiti mzembe. Huchunguza na kuona kwamba mtoto hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Kuzima na kuwasha kompyuta bila kuitazama dalili ni sawa na kumwambia mtoto huyo arudie hesabu bila kumwonyesha alipokosea.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Sikubaliani nao. Fundi hayumo darasani dakika ile ya tatu, na shule nyingi hazina fundi kabisa. Wala simtaki mwalimu afungue mashine. Namtaka aitambue dalili. Wengine watasema turudi kwenye chaki. Chaki naiheshimu, lakini ubao hauwezi kuonyesha vali ikifunguka.

Rai yangu ni kwamba vyuo vyetu vitenge angalau vipindi viwili katika somo la zana za kufundishia kwa ajili ya jambo hili, na mwanachuo apewe mafaili yenye kasoro mbalimbali ayachunguze kwa mikono yake. Ajifunze pia kuibana upya filamu nzito kwa H.264, katika vitone 1,280 kwa 720, ambavyo havifikii nusu ya vile vya awali. Programu za kufanya hivyo, kama vile VLC na HandBrake, hupatikana bila malipo. Aidha, andalio la somo lioneshe mambo mawili: kwamba filamu imejaribiwa kwenye kompyuta ileile itakayotumika, na zana gani itashika nafasi yake ikishindikana.

Kijana yule nilimwendea tena baada ya wiki mbili. Filamu ilikuwa imebanwa upya, na mchoro wa moyo ulikuwa tayari ubaoni endapo umeme ungekatika. Somo lilifana. Hata hivyo, alama za mara ya kwanza zilikwisha kuingizwa katika kumbukumbu zake, na hazikubadilishwa. Aliadhibiwa kwa kutojua jambo ambalo chuo hakikuwahi kumfundisha. Wakufunzi wenzangu, kabla hatujaandika tena "Maandalizi hafifu," hatuna budi kujiuliza: nani hasa hakujiandaa?