AFYA YAKO: Dawa Moja, Majina Mawili

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Basi mwezi huu chukua pakiti ya dawa iliyomo nyumbani mwako, tuisome pamoja.

Tuanze na Panadol. Hakuna asiyeijua. Neno Panadol limeandikwa kwa herufi kubwa. Tazama tena. Utaona neno jingine lenye herufi ndogo: Paracetamol. Karibu yake pana tarakimu 500 na herufi mg, yaani miligramu 500. Hicho ni kipimo cha dawa katika kila kidonge.

Parasetamoli ni jina la dawa yenyewe. Panadol ni jina la biashara, ambalo dawa hiyo ilianza kuuzwa nalo Uingereza mwaka 1956. Viwanda vingine vingi hutengeneza parasetamoli hiyo hiyo. Mchele wa Mbeya ukitiwa katika mfuko wenye picha nzuri, bado ni mchele wa Mbeya. Lakini na mfuko nao unaulipia.

Tuseme umetoka Makunduchi, una mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Daktari ameandika dawa, nayo imekwisha hospitalini. Unakwenda duka la dawa Kikwajuni. Muuzaji anakuwekea Flagyl mezani. Bei yake inazidi fedha uliyonayo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wengine hununua nusu ya vidonge, na ugonjwa hurudi. Wengine huondoka mikono mitupu.

Ngoja kwanza. Flagyl ni jina la biashara. Dawa yenyewe huandikwa Metronidazole, nayo hutengenezwa na viwanda vingi. Muulize muuzaji: "Samahani ndugu yangu, dawa hii mnayo ya kiwanda kingine, ya bei nafuu?" Usione haya. Asiyeulizwa huenda asiseme.

Kwa nini bei zinapishana hivyo? Anayegundua dawa mpya hupewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20. Haki hiyo huitwa hataza. Yuko peke yake sokoni, basi hupanga bei aitakayo. Muda ukiisha, wengine huingia na bei hushuka. Lakini jina la zamani limekwishazoeleka, na watu huendelea kulilipia.

Tofauti hiyo yaweza kuwa ya uhai na kifo. Mwaka 2000, dawa za UKIMWI za mgonjwa mmoja zilifika kiasi cha dola 10,000 za Marekani kwa mwaka. Sheria ya India ya wakati ule iliviruhusu viwanda vyake kutengeneza dawa hizo. Mwezi wa Februari 2001, kiwanda cha Cipla cha huko kikatangaza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa zilikuwa zile zile.

Wako wanaosema dawa rahisi ni dawa bandia. Si kweli. Dawa bandia ni ile inayodanganya, na mdanganyifu hupenda sana kuiga jina kubwa. Hapa Zanzibar, Wakala wa Chakula na Dawa ndio unaosajili dawa na kukagua maduka. Nunua katika duka lenye leseni, usinunue kwa mchuuzi wa njiani. Tazama jina la kiwanda, na baada ya herufi EXP tazama mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia. Linganisha miligramu na zile alizoandika daktari.

Mgonjwa wa kifafa asibadilishe kiwanda bila ya kumwuliza daktari wake. Baadhi ya dawa za kifafa zinahitaji kipimo kisichoyumba.

Liko jambo jingine la hatari katika majina haya mawili. Ukimeza Panadol mbili na juu yake parasetamoli mbili, umemeza vidonge vinne vya dawa moja. Mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Vikizidi huharibu ini, na mgonjwa huenda asihisi kitu siku ya kwanza. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, kwa hiyo zisome pia. Kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake. Mwulize daktari au mwuguzi.