Siasa kazini: sisi tumenuniana, wao walisharudiana!

Leo tuongelee kitu kinachotutafuna huku Mbugani: watu wa kazi moja kununiana kisa siasa. Kwenye mashine za kukoboa mpunga, kijiwe cha bodaboda, mpaka ofisi za walimu, hadithi ni ile ile.

Tuanze na historia, maana Kyela tunayo ya kwetu. Aliyekuwa mbunge wetu, Dk. Harrison Mwakyembe, ndiye aliyeongoza Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Ripoti ilipotoka Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, ingawa alikana kufanya kosa. Siku zile Chadema walimshambulia bila huruma, na ndani ya CCM wapo waliomtetea kufa na kupona.

Ikaja 2015. CCM wakamkata jina Dodoma, Julai akahamia Chadema na kugombea urais kupitia Ukawa. Mambo yakageuka kichwa chini miguu juu! Waliomwita fisadi wakapanda jukwaani kumnadi, waliomtetea nao wakaanza kumwita fisadi. Magufuli akashinda kwa asilimia 58.46, Lowassa akapata 39.97. Machi 2019 mzee akarudi zake CCM. Februari 2024 akafariki.

Sasa jiulize: wewe uliyeacha kumsalimia mwenzako mnayebeba naye magunia, ulibaki na nini? Wakubwa walikumbatiana, picha zikapigwa. Wewe ukiumwa, anayekushikia zamu ni yule yule uliyemnunia.

Sisemi tunyamaze. Baada ya 29 Oktoba 2025, watu walipouawa na intaneti ikazimwa, wengi wameona bora kazini waongelee mpira tu. Nawaelewa, woga upo. Lakini kimya sio amani. Mtu akinyamaza anabaki na lake moyoni, na siku likitoka linatoka na matusi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya maoni yake ya kisiasa. Ila hiyo inakulinda na bosi. Wewe na mwenzako mnalindana wenyewe.

Kwa mtazamo wangu dawa ni moja: bishaneni juu ya jambo, sio juu ya mtu. Ukisema "chama chenu wezi", mjadala umeishia hapo, kinachofuata ni ngumi. Lakini uliza hivi: kakao yetu ikiuzwa mnadani kupitia AMCOS, makato yanakwenda wapi? Hapo wa CCM na wa Chadema wote wana miti shambani, wote wana la kusema. Mwenzako akitoa hoja, msikilize mpaka amalize ndio ujibu. Na kama ni mzee kwako, shikamoo yake ya asubuhi iko pale pale hata kama jana alikushinda kwa hoja.

Wanasiasa wanahama, wanarudi. Sisi kesho saa moja asubuhi tunakutana kazini.

Naomba kuwasilisha. Kwenu mnafanyaje? Changia, ila matusi hapana!