Waitikiaji wa Spika za Zamani

Aliyelelewa pwani hii ameijua sauti ya kuzunguka kabla haijatiwa ndani ya mtambo. Nenda kwenye maulidi: msomaji yuko mbele, waitikiaji wamekaa pande zote, nawe uliye katikati ya mkeka unaisikia kasida ikikujia usoni, ubavuni na kisogoni. Wala hushtuki, kwa kuwa aliye nyuma anaitikia kwa lafudhi ile ile ya aliye mbele.

Mwanangu aliniletea vispika viwili vya plastiki, vikae nyuma ya makochi na kushirikiana na yale masanduku mawili ya mbao aliyoniachia marehemu baba, ya miaka ya 1970. Tukaweka filamu. Ndege ilipotoka mbele ilikuwa ndege. Ilipofika nyuma ikawa nyuki ndani ya kopo. Kijana akaona dawa ni kuyatupa ya babu yake na kununua seti kamili dukani. Mimi nasema kinyume chake: wazee wabaki mbele, na za nyuma ziundwe zifanane nao.

Lakini kufanana kwenyewe ni kupi? Wengi hutazama rangi ya mbao, au jina la kampuni lililobandikwa usoni. Hayo ni mapambo. Mlio wa spika hutoka kwenye koni na kitu iliyotengenezwa kwacho, kwenye tuita inayotoa sauti nyembamba, na kwenye krosova, yaani zile koili na kapasita zinazogawa sauti nene na nyembamba. BBC walilifahamu hilo walipobuni katika miaka ya 1970 kisanduku chao kidogo cha LS3/5A. Walitoa leseni kwa kampuni mbalimbali, zikiwemo Rogers, Chartwell na Spendor, lakini zote zilitumia koni ya KEF B110 na tuita ya KEF T27, ili kisanduku cha huyu kilie sawa na cha yule. Basi anayetaka waitikiaji wa spika zake za kale atafute kwanza koni na tuita za aina ile ile, hata kama ni kuukuu, kabla ya kumwita seremala.

Ukubwa si lazima ulingane. Sauti ya binadamu husikika vyema baina ya hezi 300 na 3,000, ndiyo maana hata simu ya zamani ilitosha kumtambua mtu. Hapo ndipo mlio hauna budi kuwa mmoja. Besi nzito waachie wazee wa mbele. Sanduku la nyuma laweza kuwa dogo, lizibwe pande zote, la plaiwudi nene ya milimita 18, na ndani litiwe sufi isiyoshindiliwa.

Na wazee wauguzwe kwanza! Ukimfananisha mtu na mgonjwa utapata wagonjwa wawili. Koni nyingi za miaka ile zilizungushiwa ukingo wa sponji, na joto letu na unyevu wa bahari haukuusaza; ukiugusa kwa kidole unabaki unga. Ukingo hubadilishwa, koni ikasalimika. Kapasita nazo huchakaa na kuigeuza tuita sauti, kwa hiyo badilisha za mbele na za nyuma siku moja, za kipimo kimoja.

Wako watakaosema mitambo ya leo husawazisha yote yenyewe. Husawazisha nguvu, nakubali. Spika za kale aghalabu ni nyepesi kulia. Ikiwa ya mbele hutoa desibeli 90 kwa wati 1 na ya nyuma 84, ya nyuma itataka wati mara nne ili zilingane, na mtambo utazitoa bila ya wewe kujua. Lakini kumpa mtu nguvu si kumpa koo jingine.

Mimi hata mtambo huo sikuununua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani David Hafler alieneza njia ya waya mitupu: spika mbili za nyuma hufungwa mfululizo, ncha moja kwenye chanya ya kulia, nyingine kwenye chanya ya kushoto, na hasi haziguswi. Za nyuma hazipati ila tofauti iliyopo baina ya kulia na kushoto. Mwimbaji aliyewekwa katikati yumo sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo hujifuta nyuma akabaki mbele; mwangwi wa ukumbi na makofi ya watu ndiyo hukuzunguka. Tahadhari: baadhi ya amplifaya hazina hasi moja ya pamoja, na hizo waweza kuziunguza. Muulize fundi kwanza.

Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, kabla ya stirio kuingia kwenye santuri. Sauti yake ni moja, kulia na kushoto, hivyo nikiiweka santuri kuukuu ya enzi hizo, nyuma hakusikiki ila mikwaruzo ya sindano. Mwanangu alidhani waya umekatika. Nikamwambia, binti Saad haimbi kisogoni mwa mtu.

Na kisomo cha Qur'ani? Hapo nazizima za nyuma kabisa. Msomaji tumkabili uso kwa uso; hilo ni suala la adabu, halihusu umeme.

Mpaka sasa nimemaliza sanduku moja. La pili limesimama kwa kukosa koni moja ya karatasi, inchi 8, omu 8. Aliye na spika za baba yake zimelala darini asimpe muuza vyuma chakavu kabla hajaniona.